Kutoka WhatsApp: nani anaweza, na nani anabaki nyuma?

Maneno tuliyosoma mbele ya vijana na wazazi wa kartie Ndosho, Goma, mwezi wa sita 2023. Tunayaweka hapa kwa ajili ya wale hawakufika.

Aksanti kwa kuacha kazi za Jumamosi na kuja kukaa kwenye mabenchi haya magumu.

Tumekuja kujibu ulizo moja. Kwenye mkutano uliopita papa mmoja mzee alisimama kule nyuma akasema: "Nyinyi vijana kila siku munalia juu ya Facebook na WhatsApp. Munasema zinakula mega zenu, zinaleta uongo, zinajua siri zenu. Sasa juu ya nini hamuziachi? Nani amewafunga kamba?" Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, lakini tulirudi nyumbani na ulizo lake.

Jibu letu ni hili. Muntu mmoja anaweza kutoka leo hii, kwa kidole kimoja. Ila akitoka peke yake, anayepoteza ni yeye, na mara nyingine ni jirani yake. Ndiyo maana tunasema kutoka ni shauri la grupu nzima, na kabla ya kuacha njia ya kwanza lazima ya pili iwe imeshafunguliwa. Hatukulijua jambo hili kwa akili zetu. Tulilijua kwa kukosea.

TULIVYOJARIBU

Mwezi wa kwanza 2021, WhatsApp ilitutumia sisi wote masharti mapya. Ilisema tuyakubali kabla ya tarehe 8 mwezi wa pili, kisha siku ikasogezwa mpaka tarehe 15 mwezi wa tano. Duniani watu wengi waliingiwa na wasiwasi, wakakimbilia Signal na Telegram. WhatsApp iko mikononi mwa kampuni yenye Facebook tangu 2014, ilipotangazwa kwamba inanunuliwa kwa dola bilioni 19. Tulijiuliza: kitu tunachopewa bure, juu ya nini tajiri akinunue kwa pesa yote hiyo? Tukaona bora tuhame.

Grupu ya avenue yetu ilikuwa na watu 43. Usiku mmoja tuliandika: "Kuanzia Jumatatu tuko Signal." Tukaweka na maelezo ya namna ya kuipakua. Jumatatu tulikuwa 11. Baada ya majuma mawili tulikuwa 17. Wote 17 tulikuwa vijana, wote wenye simu kubwa, karibu wote wenye diplomi ya chuo kikuu. Tulijipongeza, tukasema wengine watafuata pole pole.

Hatukuuliza juu ya nini hawafuati. Tulikuja kuuliza baadaye, kwa haya. Yaya mmoja, motari, alituonyesha simu yake: imejaa kabisa. Ili aweke programu mpya ilibidi afute picha, na picha nyingi ni za marehemu mama yake. Mama mmoja anayeuza sombe alisema yeye hununua paka forfe ya WhatsApp, ile ya bei ndogo. Ukitoka nje ya WhatsApp, ile forfe haitembei. Signal ingemuomba mega za kawaida, na bei ya mega za kawaida ni mboga ya jioni. Papa mmoja anayetuma mizigo kwa boti alisema watu wanaoipokea Bukavu wote wako WhatsApp. Akatuuliza: "Nikiwafuata huko kwenu nitaongea na nani? Na nyinyi tu?" Na mama mwingine hajui kusoma. WhatsApp yake aliwekewa na mtoto wake, na anaitumia kwa sauti: anabonyeza, anasema, anaachia. Mtoto yuko Kampala. Nani angemfundisha mlango mpya?

Muone, hakuna hata mmoja aliyesema anaipenda ile kampuni.

MWEZI WA TANO 2021

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano, jioni, Nyiragongo ililipuka. Hatuhitaji kuwasimulia, mulikuwa hapa. Muliona anga likiwa jekundu, muliona lava ikifika Buhene, muliona watu na magodoro kichwani wakienda upande wa Gisenyi na upande wa Sake. Kisha tetemeko juu ya tetemeko. Alhamisi tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza sehemu ya mji ihamishwe, na njia ya Sake ikajaa watu, malori na chukudu.

Katika msongamano ule mama mmoja wa avenue yetu alipotezana na mtoto wake wa miaka tisa. Mtoto alipandishwa lori na majirani. Mama akaingia gari lingine, akafika Minova. Ijumaa mmoja wetu alimuona mtoto kwenye uwanja wa kanisa pale Sake. Alimpiga picha, akaandika jina lake na mahali alipo, akatuma kwenye grupu.

Alituma Signal. Mama alikuwa WhatsApp.

Sisi 17 tulijua mtoto yuko wapi. Mama yake hakujua. Alikuwa na simu, alikuwa na forfe, usiku wa Ijumaa na mchana wote wa Jumamosi alifungua grupu ya zamani akasoma uongo wa kila aina: kwamba ziwa litapasuka, kwamba gesi itatuua wote. Uongo ule ulibaki kwa sababu sisi tuliozoea kuusahihisha tulikuwa tumeondoka. Alipata habari Jumapili, kwa simu ya shemeji yake. Mtoto alikuwa mzima, tunamshukuru Mungu. Yuko hapa kwenye kartie, anasoma.

Yule mama hakutulaumu. Ni sisi tunaojilaumu, na ametukubalia tuliseme mbele yenu bila jina lake. Tulipotoka tulidhani tunaikimbia kampuni kubwa ya Marekani. Kumbe tuliowaacha ni majirani.

KAMBA IKO WAPI

Papa, uliuliza nani ametufunga kamba. Sasa tunaweza kujibu. Kampuni haimshiki muntu mmoja mmoja. Inakushika kwa sababu wale unaowahitaji wako kwake, na wao inawashika kwa sababu wewe uko kwake. Kila mmoja ni kamba ya mwenzake.

Sisi tuliomaliza masomo na hatuna kazi tunalijua hili zaidi. Tangazo la kazi leo halibandikwi ukutani. Linapita kwenye grupu asubuhi, mchana watu wameshatuma barua zao, jioni limekufa. Ukiwa shomeri na uko nje ya zile grupu, wewe ni shomeri mara mbili. Shule zinatuma kwa WhatsApp habari za malipo. Kanisa linatangaza matanga kwa WhatsApp. Likirimba za wa mama zinahesabiana humo. Sasa kumwambia muntu "kama hupendi, toka" ni kama kumwambia anayeishi Goma "kama hupendi mawe ya volkano, tembea hewani."

Na sisi wenyewe tusijifiche. Matamko yetu tunayaweka kwenye ukurasa huu, lakini wengi wanaoyasoma wanayakuta Facebook kwanza. Tungeifunga Facebook yetu kesho, tungebaki tukiongea peke yetu. Tunalitambua hilo. Hatuwezi kuwadai nyinyi ushujaa ambao sisi hatuna.

SIKU TULIPOTOLEWA KWA NGUVU

Wako watu wanaosema: kama hamuwezi kutoka wenyewe, serikali iwatoe, ifunge hii mitandao yote. Hilo tumeshaliona. Tulipiga kura tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa inchi nzima, ikakaa karibu majuma matatu. Hata SMS zilikatwa. Ikabaki sauti ya simu na miguu. Hapa Goma, mwenye simkadi ya Rwanda alienda karibu na mpaka kutafuta rezo ya ng'ambo. Asiyekuwa nayo alikaa gizani akingoja matokeo ya kura yake mwenyewe. Na ndugu zetu wa Uganda, Facebook yao ilifungwa mwezi wa kwanza 2021, wakati wa uchaguzi, na mpaka leo anayeitaka lazima apite kwa VPN. Kule hakuna raia aliyechagua kutoka. Walifungiwa mlango. Muntu asiwadanganye kwamba kufungiwa na kutoka ni kitu kimoja.

Mara nyingine mlango ulijifunga wenyewe. Jumatatu tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, jioni, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika duniani kote kwa saa kama sita, sababu ya kosa la ndani ya kampuni yao. Simu za kawaida zilikuwa zinaenda, SMS zilikuwa zinaenda. Lakini wengi wetu tulikuwa hatuna unite, na kuna watu tuliongea nao kila siku bila kuwa na numero zao: tulizoea kuwaona ndani ya grupu tu. Saa sita, na jirani wa mita mia mbili amekuwa mgeni.

Tuliweka haya matukio matatu pamoja: volkano, intaneti iliyokatwa, na ule usiku wa mwezi wa kumi. Yote yanasema jambo moja. Kuwa na njia moja tu ni hatari, hata kama njia ile ni nzuri, na hata kama mwenye njia ni muntu mwema.

ZILE SIMU ZA KAWAIDA

Hapa wazee wetu wanajua kuliko sisi. Mwenye numero ya 099 anamuita mwenye 081, na wanaongea. Mmoja yuko Airtel, mwingine yuko Vodacom, na hakuna anayelazimika kununua simkadi ya mwenzake. Ukichoka na kampuni moja unaenda nyingine, mama yako bado utampata. Kampuni hazikufanya hivyo kwa upendo. Sheria za simu zinazilazimisha kuunganisha rezo zao.

Muwaze kama WhatsApp ingekuwa hivyo. Mama wa sombe angebaki na WhatsApp yake, sisi tungekuwa Signal, na picha ya yule mtoto ingefika. Hapo kutoka kungekuwa kuchagua kweli, sababu muntu angetoka bila kumuacha muntu. Leo fundi wa kuunganisha si tatizo. Tatizo ni kwamba hakuna anayeilazimisha kampuni kufungua mlango wake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022, imeanza kutumika mwezi uliopita, inayosema kampuni kubwa za ujumbe zitalazimika kupokea ujumbe unaotoka kwenye programu nyingine zinazoomba. Sheria hiyo ni ya watu wa Ulaya, haitufikii sisi. Lakini inaonyesha kwamba haya si mambo ya ndoto.

Kwetu, tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka huu, Raisi alitia sahihi Kodi ya numeriki, sheria mpya yenye sehemu nzima juu ya kulinda habari za muntu. Tunaomba wabunge na wale watakaoitumia: wasiione paka kama fimbo ya kuwapiga vijana wanaoandika. Waulize pia juu ya milango. Waulize juu ya forfe ambazo zinafanya kuongea ndani ya programu moja kuwe bei ndogo na kuongea kwingine kuwe bei kubwa. Muntu maskini, kamba yake ya kwanza ni hiyo bei.

Na tusiseme haiwezekani. Munakumbuka RAM. Kuanzia 2020 walikata unite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu za intaneti, eti kuandikisha simu. Nani aliweza kukataa peke yake? Ulitia unite, zikaliwa. Kuikimbia ulihitaji kutupa simu. Hata hivyo watu walisema, wakaandika, wakatoka barabarani, wabunge wakauliza, na mwaka 2022 ikaondolewa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jambo ambalo muntu mmoja hakuweza kulikataa, inchi nzima ililikataa.

TUNAFANYA NINI SASA

Hatutawaambia mufute WhatsApp. Sisi wenyewe tulirudi, wote 17, tukaomba samahani kwenye grupu ya zamani. Ila hatukurudi kama tulivyokuwa. Haya ndiyo tunayafanya kwenye avenue yetu, na tunaomba muyajaribu kwenu.

Kwanza, kaye. Kaye ya kawaida na biki. Kila nyumba inaandika jina moja na numero mbili: ya nyumbani, na ya ndugu aliye mji mwingine. Kaye inakaa kwa mama anayeaminiwa na avenue, na nakala moja kwa mama mwingine. Ni kaye ya majirani. Humo hatuandiki nani ni wa chama gani wala nani alienda kwenye mkutano gani, na munajua sababu.

Pili, kuitana. Kila muntu ana majirani watano wa kupigia simu kukiwa na hatari. Mwenye simu ndogo ya toshi anapokea kama mwenye simu kubwa. Asiyekuwa na simu anagongewa mlango. Tulijaribu mwezi wa tatu, siku ya Jumapili, kwa mchezo tu: habari ilizunguka avenue nzima kabla ya ugali kuiva.

Tatu, habari ya hatari haipiti njia moja. Mtoto amepotea, barabara imefungwa, maji yana ugonjwa: WhatsApp, na simu, na mdomo. Tukishaweka kwenye grupu hatusemi tumemaliza.

Ine, grupu ikitaka kuhama, ianze na wa mwisho. Sisi tulianza na wale wenye simu nzuri, ndilo kosa letu. Muanze na mama asiyejua kusoma. Mukae naye, mumuwekee, mumfundishe mpaka aweze kutuma sauti peke yake. Akiweza yeye, wote wataweza. Asipoweza, grupu ingoje.

Tano, shule, makanisa na wale wanaotoa kazi: tunawaomba tangazo mnalotuma kwenye simu mulibandike pia ukutani. Karatasi moja tu. Asiyekuwa na mega naye ni mzazi, naye anatafuta kazi.

Na kidogo cha kila siku: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, zima ile ya kupakua picha na video zenyewe. Mega zitakaa zaidi. Facebook unaweza kuitoa kwenye simu na kuifungua siku unayoihitaji. Kutoka nusu kunaruhusiwa.

Kuna kijana alituuliza wiki iliyopita: "Basi mumeshindwa?" Tulimjibu hapana, lakini si kwa haraka, sababu ulizo lake ni la haki. Kampuni bado iko pale pale, na sisi bado tuko ndani yake. Signal nayo ni ya Marekani, nayo inataka mega, nayo haitufungulii njia intaneti ikikatwa. Hakuna programu itakayokuja kutukomboa. Ila leo wakizima, au wakikata, au mlima ukiamka tena, avenue yetu itajuana mpaka nyumba ya mwisho. Muntu anayeweza kufikiwa hata bila WhatsApp, huyo ndiye ameanza kuwa na uhuru wa kuiacha. Wengine tunaipigia makelele tu.

Papa mzee, aksanti kwa ulizo lako. Kamba tumeiona. Ni ndefu, na hatutaikata leo, lakini tumeacha kujidanganya kwamba iko kwenye kidole cha muntu mmoja.

Jumamosi ijayo tunaanza kaye ya avenue ya pili. Tutapita nyumba kwa nyumba, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mukisikia hodi, ni sisi. Biki tutaleta.